Kamba

Kwenye merikebu hii kila kamba ina jina,
na Bi Thibodeau hataki kusikia "ile pale".
Henza. Demani. Ya tanga kuu, ya tanga la omo.
Siku ya kwanza nilifungua isiyo yenyewe,
tanga likamshukia Wendell kichwani
kama shuka lililong'olewa na upepo kwenye waya.
Hakuna aliyecheka ila Wendell.

Ghuba ya Penobscot. Juni, na Juni ya huku bado inavaa koti.
Tuko kumi na wanne kutoka Portland,
wiki nzima majini, na mimi sijui kuogelea,
jambo ambalo fomu iliuliza
na mama akajaza, kwa wino wa buluu: kidogo.

Mwamba ngoma huvutia kwake, twasema.
Hapa wote tunavutia upande mmoja,
tukirudi kinyumenyume hadi shetri,
viganja vinawaka, tanga linapanda shubiri kwa shubiri
hadi mtu apige kelele: basi!

Saa nne tukakokota wavu mwembamba kama soksi.
Maji ya chupa moja, tone moja chini ya darubini,
na tone limejaa: vidudu vya jicho moja,
vinarukaruka kama vimesahau kitu nyumbani.
Odette akauliza kama vinatuona.
Vinajua mwanga na giza tu, akasema Bi Thibodeau.
Nikawaza: si haba.

Halafu mtego.
Ndani yake kambakochi jike, wa kijani kibichi,
mayai yamemganda chini ya mkia
kama ulezi uliolowa.
Bi Thibodeau akampindua, akachukua koleo,
akakata pembe ndogo kwenye pezi la mkia.
Sheria, akasema. Atakayemvua mwaka kesho,
hata akimkuta bila mayai,
akiona alama hii atamrudisha.

Mama ana kadi ya mgao kutoka kambini,
imetobolewa pembeni kote, tundu kwa kila mwezi.
Hajaitupa. Iko kabatini, chini ya vitambaa vya meza.
Sikumwambia mtu.

Nilichosema ni hiki: kwetu huyu naye anaitwa kamba.
Kamba kama kamba? akauliza Wendell,
akainua ncha ya henza.
Kama hiyo hiyo.
Akanitazama kama ninayemfunga kamba,
na hilo nalo ningelielezaje,
kwa lugha ipi, nikiwa na mnyama mkononi
anayepiga mkia, baridi yake ikipanda hadi kiwikoni?

Namwezi, mrudishe, akasema Bi Thibodeau.
Kwa mara ya kwanza alilitamka jina langu sawasawa.

Nililala kifudifudi kwenye ukingo, Odette kanishika miguu,
nikafungua vidole.
Aliondoka kinyumenyume,
kama sisi tunapovuta,
macho yake kwetu hadi maji yalipokuwa meusi.

Mikono inanuka chambo hadi leo.
Nimeosha mara tatu.
Ya nne sijataka.