Jasho la Mkaratusi

Saa moja asubuhi, mlimani juu ya Kadutu,
nafunga mfuko wa nailoni kwenye tawi,
nakaza kwa uzi wa kushonea viatu.
Ukungu wa ziwa bado umelala.

Saa sita, maji yamejikusanya pembeni.
Nayavuta kwa sindano ya hospitali, naandika:
mkaratusi, mililita kumi na nne.
Mgomba wa jirani, tisa.
Kalamu inateleza, kidole kimelowa.

M'Nabintu anapita na gunia la makaa,
anasimama, kamba ikimkata paji la uso:
"Nsimire, mti nao unatoka jasho?
Umebeba nini?"

Nacheka. Halafu natazama bondeni:
bomba kavu tangu Juni,
madumu ya njano kwenye foleni, bila watu.

Umebeba chemchemi, mama.
Unaipandisha hadi majanini,
wala hauhemi.