Koti Lenye Mdomo

Hamduni wa mitumba, nyuma ya soko la Tabora,
alilikung'uta mara mbili, akanivalisha kwa mikono yake.
"Hili limezaliwa kwenye theluji," akasema.
"Baridi yenu ya Ipole ni mtoto wake wa kumtuma chumvi."
Nikalipa elfu kumi na nane.
Sikuuliza kama lina mdomo.

Julai. Saa kumi na moja kasorobo, kipupwe kimelala mbugani
na nyasi zimevaa maji.
Miguuni makatambuga, ndani yake soksi za mpira za mwanangu,
moja ina tundu penye kidole gumba,
na baridi yote ya Unyamwezi ilikuwa na anwani ya tundu lile.
Shingoni kanga ya Nyamizi, maneno yametazama ngozi
ili mnyama asisome.
Leseni yangu, pongo mmoja, dume,
niliiviringisha kwenye kitambaa isichakarike.
Leseni niliikumbuka.

Kutoka kijijini hadi kona ya mto Wala
koti lilinichemsha kama kiazi.
Nikafungua zipu, nikafunga, nikafungua.
Nilipoketi chini ya mninga, jasho likakumbuka kuwa ni maji,
likanishuka mgongoni polepole
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.
Nikapuliza majivu kidogo kutoka kifukoni. Yakanirudia usoni.
Vyema. Upepo ulikuwa wangu.

Akatoka.
Shingo kwanza, kisha madoa meupe ya ubavuni,
kisha ule mguu wa mbele unaonyanyuliwa na kusahauliwa hewani.
Hatua ishirini na mbili. Nilizihesabu jana yake, kwa miguu.
Nikainua upinde, nikaanza kuvuta,
na kwapa la koti likasema

chwaa.

Si kelele. Wewe usingeisikia.
Ni karatasi ya pipi, kanisani, wakati wa sala ya kimya.
Masikio mawili yakanigeukia
na palipokuwa na pongo pakabaki maji yanayotikisika.

Nikalivua kwa hasira, nikalitundika tawini,
nikakaa na fulana ya mikono mifupi, mwanamume kamili,
hadi meno yalipoanza kusaga mahindi yasiyokuwepo.
Akaja mwingine? Sijui. Labda.
Vidole vyangu vilikuwa vya mtu mwingine,
niliugusa ugwe na sikujua kama nimeugusa.
Nikarudi nyumbani nimelivaa, likinisimulia njia nzima.

Nyamizi alicheka mpaka akaweka sufuria chini.
Kisha hakucheka. Akafungua kasha,
akatoa lile blanketi la kijivu la marehemu mama yake,
lenye mistari miwili myekundu, linalonuka moshi wa nyuki,
akalitia mkasi
kabla sijapata neno la kumzuia.

Usiku ule cherehani ililia na kibatari kikalia.
Sufu juu, nailoni ndani, ibaki na joto lake na siri zake.
Mkono wa kushoto akaubana kwa utepe toka kiwiko hadi kifundo
ugwe usije ukaupiga kofi.
Mistari myekundu akaificha chini, penye pindo.
"Simama pale," akasema. Akazima taa.
"Vuta."

Nikavuta upinde mtupu.
"Kwapa linanong'ona." Akawasha, akafumua, akashona. Akazima.
"Vuta."
"Sasa ni bega."
Akafumua tena. Jogoo wa kwa Kashindye akawika, akajuta, akanyamaza.
Akazima taa.

Nikamsikia anavyopumua.
Nikasikia panya darini anageuza punje moja ya karanga.
Sufu ilikuwa imeanza kunipokea mabegani,
nzito, ya zamani, bila swali.

Tukakaa hivyo.

"Haya," akasema, amechoka, "vuta basi."

Nilikuwa nimeshavuta.