Pijo ya Marehemu Mghanga

Righa ameileta ikichechemea, miguu mitatu kati ya minne,
Pijo mia tano na nne, pikapu, rangi ya chai iliyomwagika,
na sijaweka kikombe chini ameshatoa hukumu:
"Ni taimingi, fundi. Wote wamesema ni taimingi."

Wote ni watatu.
Yule wa Magongo aliiwahisha cheche;
injini ikawa inagonga ikipanda Kipevu
kama shilingi ndani ya mkebe.
Yule wa Bondeni akaichelewesha, ikachemka
pale pale Makupa, ikatapika maji ya rejeta
mbele ya wauza madafu.
Wa tatu hakumtaja jina. Alisema tu,
"Huyo alizinyamazisha kelele za juu."

Neno hilo nikalitia mfukoni.

Nimeizungusha kwa spana, polepole,
hadi alama ya puli ikakutana na mwenzake.
Pistoni ya kwanza iko kileleni, vali zake zote mbili zimefumba.
Nikang'oa kifuniko cha distributa,
na rota, haki ya Mungu, imeipa kisogo tundu ya kwanza,
inaikodolea macho ya nne.
Righa akapiga paja: "Si nilisema!"

Ngoja.
Nimeifuata waya kwa kidole, kwenye grisi na vumbi la bandari:
imetoka tundu ya nne, imekwenda plagi ya kwanza.
Ya kwanza imekwenda ya nne.
Ya tatu na ya pili nazo zimebadilishana nyumba.
Mtu aliigeuza rota nusu duara,
kisha akazihamisha waya zote, nusu duara vile vile.
Hapa hapana kosa. Pana mtu.

Righa kanyamaza. Kisha:
"Ni ndugu yangu. Aliifunga mwenyewe, kule Maungu,
usiku, tochi kaishika mkewe kwa meno
maana mikononi alikuwa na mtoto."

Basi nimeiwasha. Nikachomoa waya moja moja:
ya kwanza, injini ikalia; ya pili, ikalia; ya nne, ikalia.
Ya tatu, haikujua kama nimechomoa.
Geji ikasema hivyo hivyo: mia na arubaini, mia na thelathini na tano,
sitini,
mia na arubaini.
Nikamimina kijiko cha oili kwenye hiyo ya sitini, nikapima tena.
Sitini. Kwa hiyo ringi hazina hatia.

"Nipe karatasi." Akanipa risiti ya maji.
Nikaiweka mdomoni mwa ekzosi.
Ikasukumwa, ikasukumwa, ikasukumwa,
halafu ikavutwa, ikalibusu bomba.
Ikasukumwa tena. Ikavutwa.
Moshi ukitoka hauna sababu ya kurudi ndani,
ila kama mlango haufungi.

Nikautoa mfukoni ule msemo wake:
alizinyamazisha kelele.
Ilipopoa nikafungua juu, nikajaribu kupitisha fila ya ishirini na tano.
Haikupita. Ya kumi haikupita. Hata ya tano.
Fundi wa tatu alichoshwa na tiki-tiki, akaikaza tapeti
hadi vali ikakosa pa kupumzika,
ikakaa wazi kama unywele, ikilambwa na moto
kutoka hapa hadi Voi na kurudi.
Tapeti inayolalamika ni mzima.
Iliyonyamaza ndiyo ya kuulizwa hali.

Hedi imeshuka alasiri. Vali ya tatu ya moshi
imeliwa ukingo mmoja, biskuti iliyopitiwa na panya.
Nimemwonyesha. Ameishika muda mrefu, haijapoa kumbukumbu.

Siku ya pili, vali mpya, kiti kimesagwa,
cheche nimeirudisha alipoiacha Mghanga.
Righa anauliza, kwa aibu kidogo:
"Na ile rota? Hutaigeuza ikae kama kitabu?"
Nikamwuliza, saa ngapi sasa?
Akakunjua mkono. Mshale mfupi umesimama kwenye kumi.
"Saa nne," akasema.
Nikamtazama.
Akautazama mkono wake, akaanza kucheka,
akacheka mpaka akaketi juu ya tairi.

Bei hata hivyo hakuilipa yote.