Biela ya tatu

Funga mlango kwanza, Paluku. Upepo unatoka Nyiragongo
na vumbi la lava halibishi hodi.

Kila biela na kofia yake, tumbo moja:
tatu juu, tatu chini. Usizibadilishie ndoa.
Ukingo uliochongwa uelekee shavu la krenki,
ule bapa uegemee mwenzake.
Zivishe bolti mpira, zisikwaruze
nilichokisugua tangu Jumatatu.

Mafuta. Ongeza. Kama unampaka mtoto mchanga.

Sasa kaza, huku kidogo, kule kidogo,
mpaka ufunguo useme tak.
Ukishasema, acha.
Mizunguko elfu nane kwa dakika:
kosa la unene wa unywele
chuma hakitalisahau.

Mimi ya tatu niliigeuza.
Umeme umekatika, tochi mdomoni,
Sivihwa mwenye gari amesimama anatazama saa.
Ilifika Sake inagonga, ko, ko,
kama mdai anayejua mko ndani,
kisha ikapasua ukuta, ikatoka
na mafuta yote barabarani.

Bloku yake ndiyo hiyo umeikalia.

Inuka. Zungusha krenki kwa mkono.
Inateleza?

Usinijibu haraka. Zungusha tena.