Panapogusa Baridi

Alikuja ndani ya kikapu cha nguo chafu
na blanketi linalonuka dawa ya kikohozi.
Bi Tocher, mlango wa pili, alikuwa anahamia nyumba ya wazee,
na nyumba ile haipokei manyoya.
"Anaitwa Brigedia," akaniambia. "Ni msemaji."
Nikadhani anamsifia.

Paka wa Siamu. Uso kama wa aliyechungulia chungu kikiungua:
masizi puani, masizi masikioni,
soksi nne nyeusi, mkia wa kuchovya wino,
na katikati mwili wa maziwa
yaliyoonjeshwa chai kidogo tu.
Macho ya buluu, yana makengeza,
hukutazama kama anayesoma kitu
kilichoandikwa ukutani nyuma yako.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu alikuwa ameshajipa mto wa Kheri,
upande wa ukutani,
na jembe nimelishika mimi:
mimi wa kuchota mchanga wake,
mimi wa kumchambulia samaki miiba
kabla sijavua koti la kazini.

Kheri yuko mtamboni, katikati ya Bahari ya Kaskazini.
Wiki tatu huko, wiki tatu hapa Aberdeen,
mji wa mawe ya kijivu na mvua ya kijivu.
Simu yake hukatika palepale kila siku,
kwenye "umeku..."

Na huyu halii nyau.
Hulia kama mtoto aliyeachwa chumba cha pili:
huanza chini, hupandisha, huvunja,
kisha hunyamaza, asikilize kama kuna mtu anakuja.
Ukimjibu, anajibu. Ukimkemea, anakata rufaa.
Saa tisa za usiku tunabishana kwa Kiswahili
juu ya mlango
ambao hataki ufungwe
wala hataki ubaki wazi.

Januari, Mzee Dunbar wa chini alipanda ngazi,
akipumzika kila kona, namsikia.
Mkononi mfuko wa karatasi.
Ndani, soksi za sufu, rangi ya kifaranga,
kila moja ingetosha kidole gumba changu.
"Za mdogo wenu," akasema. "Namsikia usiku.
Marehemu mke wangu alizifuma zamani sana.
Hazikupata miguu."

Nilisimama nazo.
Miaka saba, mimi na Kheri,
mashangazi wakipiga simu kutoka Tanga,
jibu letu ni neno moja, *bado*,
limekwisha makali kama kisu cha mkate.
Sikujua nianzie wapi kumwambia.

Brigedia akapita katikati ya miguu yangu,
akaketi kizingitini,
akalia.

Mzee akamtazama. Kidevu kikamcheza.
Akachukua mfuko, akahesabu polepole,
akanirudishia.
"Jozi mbili," akasema. "Basi zinamtosha."

(Hazikumkaa hata dakika.
Moja iko chini ya jiko mpaka leo.)

Machi walimnyoa ubavu, watoe uvimbe.
Manyoya yakarudi meusi,
kiraka ukubwa wa kiganja.
Nikamrudisha mbio kwa daktari nikidhani ameoza.
Daktari akacheka:
ndivyo walivyo, hawa.
Tumboni mwa mama ni joto, huzaliwa weupe pe.
Dunia ndiyo huwapaka.
Panapogusa baridi, ndipo panapokuwa peusi,
pua, ncha ya sikio, nyayo,
popote penye ngozi iliyoachwa wazi.
"Mweke penye joto," akasema, "labda patafifia."

Labda.
Usiku naweka kiganja juu ya kile kiraka.
Kinaenea sawasawa.
Yeye anakoroma, mimi sina usingizi,
dirisha linatetemeka kwenye fremu.

Kheri anarudi Alhamisi. Habari za mto hajui.

Saa tisa. Brigedia ameamka, ana hoja.
Anaanza chini, anapandisha, anavunja,
ananyamaza.
Na kutoka chini, fimbo inagonga dari,
ko, ko.
Wiki ya kwanza niliomba radhi.
Sasa najua si malalamiko.