Nakala Kivuli

Nilichora kikaushio cha kahawa kwenye skrini,
kisanduku cha joto, kisanduku cha unyevu,
mishale ikipishana kama siafu,
nikabonyeza kitufe kimoja,
na kompyuta ikaandika yenyewe
mistari elfu tatu na mia nne
kabla chai yangu haijapoa.

Moshi, Julai. Mlima umejifunika gubigubi.
Sikuisoma ile mistari.
Nani humhoji anayemlimia bure?

Kitendakazi kilizaliwa na maingizo kumi na tisa
yamepangwa kwa alfabeti, si kwa akili:
joto mbele, unyevu nyuma huko.
Mimi nyaya nilizifunga kwa mazoea yangu,
unyevu kwanza.
Mashine haikung'aka.
Namba ni namba, haina harufu.

Arobaini na moja lilikuwa joto,
ishirini na tatu, unyevu.
Ikasoma kinyume:
kumbe baridi, kumbe bado mbichi!
Ikaongeza moto.
Ikaongeza tena.

Alfajiri Ndekusara wa maabara
akaja na punje tano kiganjani.
Alitafuna moja, akaitema kwenye kikombe changu.
"Hii umemkaushia nani?"

Nilikaa juu ya gunia, nikamkumbuka shangazi Aikaeli,
Kibosho, mwaka ule wa mvua nyingi,
alivyompa karani karatasi ya kihamba
"aitazame tu."
Akampa yenyewe.
Si kivuli cha mia moja pale stendi, yenyewe!
Ikarudi safi, haina kunjo,
ina jina la mtu mwingine.

Basi usiku ule sikubonyeza kitufe.
Nilifungua kwanza ile fomu ndogo
ambayo miaka miwili niliiruka,
nikaandika kama mtu anayeagiza mtoto dukani:

Joto uje nalo kwanza, kwa jina lake kamili.
Utapewa nakala kivuli. Soma, usichore juu yake.
Unyevu vilevile, na uje na asilimia yake,
ukija na digrii nakurudisha mlangoni.
Vali ya moto, hiyo nakupa anwani yenyewe,
kwa kuwa hapo ndipo ninapotaka mkono wako,
hapo tu.
Matokeo usiyamwage uani
kila apitaye ayashike;
yarudi kwa mlango ulioingilia,
na neno moja: salama, au siyo.
Kumi na sita yaliyobaki
nimeyafuta. Sijui hata yalitafuta nini.

Kisha kitufe.
Mistari ilikuja ileile karibu yote,
sikuwa nimeugusa ubongo wake,
nilikuwa nimeweka milango.

Siku ya nne simu ikalia mara moja.
Ndekusara, bila salamu:
"Kumi na moja nukta mbili."
Niliisoma, nikaisoma tena.

Gunia lililoungua bado liko kona ya ofisi.
Wageni hulikalia,
wakidhani ni kiti.