Maporomoko ya Chumvi

Mutyabule alitaka sekunde nne.
"Mto kabla ya bwawa," alisema. "Kamera isogee kidogo tu,
kama mtu anayenyanyuka kitini.
Nipe Ijumaa."

Mchoro ulikuwa tayari. Wiki mbili za kalamu isiyo na wino,
chumbani kwangu juu ya duka la vipuri, Jinja:
mawe, ukungu, msitu wa ng'ambo,
anga la mvua inayosita.
Mzuri. Umekufa kama samaki wa kalenda.
Kielelezo changu kilikuwa picha moja ya zamani,
ndogo kama kiberiti, nyeusi na nyeupe,
na maji yake ni doa tu:
kamera ya zama zile haikuwahi kuyakamata.

Kwanza, kukata.
Anga peke yake. Msitu peke yake.
Mawe ya mbele niliyang'oa kama meno.
Hapo ndipo mchoro unapokuumbua:
nyuma ya mti wa kushoto hapakuwa na kitu,
tundu tu, lenye umbo la mti,
na kamera ikisogea litachungulia.
Basi nikachora yale ambayo mtazamaji atayaona
kwa robo ya sekunde, kama atayaona:
kichuguu, jani la mgomba lililochanika,
kijia cha watu waliokuwa wakiteka maji pale
bila yeyote kuwapiga picha.
Niliwachorea njia. Wao wenyewe sikuthubutu.

Kisha, kusogeza.
Cha mbali kitambae, cha karibu kikimbie.
Kilima hakina haraka;
jiwe lililo puani mwako ndilo linalokupita.

Lakini maji.
Siku nzima niliyavuta kwa kipanya,
yakashuka laini, yakang'aa, yakapunga.
Kagoya, aliyekuja kuchaji simu, akacheka:
"Hayo si maji. Hayo ni nywele za saluni."

Tukatundika joho lake jeusi la kwaya ukutani.
Chumvi ya Katwe, kilo tatu,
tuliitwanga kinuni hadi ikawa vumbi.
Akapanda juu ya stuli na sufuria mkononi,
mimi nimelala sakafuni na simu.
"Mwaga kama umekasirika."
"Nimekasirika na nani?"
"Na bwawa."
Akamwaga.

Punje zikaanguka, zikagonga ukingo wa meza,
zikaruka, zikatawanyika, zikafuka.
Nilipoipunguza kasi, nikaiweka kati ya mawe yangu,
Kagoya hakucheka. Alirudi nyuma hatua moja,
kama mtu anayeogopa kulowa.

Picha tisini na sita, kila moja dakika sita.
Niliiachia mashine saa moja jioni.
Saa saba usiku, picha ya sitini na moja:
giza.
Mji mzima giza, na bwawa liko palepale,
bodaboda haidai hata elfu mbili kulifikia.
Nilikaa mbele ya kioo cheusi nikitukana
kila kitu kilichojengwa kwa saruji.

Umeme ulirudi alfajiri. Feni ya mashine ikakohoa,
na ndipo likanijia, sijui kwa nini wakati ule:
Kiyira huohuo, uliozamisha mawe yale,
unapita kwenye mitambo, unapanda nguzo,
unaingia kwenye waya wangu uliofungwa kwa utepe,
unajichora.
Sitini na mbili.
Sitini na tatu.

Mutyabule alitazama mara saba.
Akanyamaza. Akajikuna kidevu.
"Yule ndege," alisema, "punguza mbio zake."

Chumvi tuliifagia, tukaichekecha,
mtu hatupi kilo tatu.
Usiku ule maharage hayakulika.
Kila tonge, Kagoya alinyanyua gilasi ya maji,
akaiangalia kwanza kwenye mwanga,
akanywa.